Usimpe Chui Mgongo

Haya yalimpata Jocelyne, fundi cherehani wa Jeppestown ninayesali naye, na mwenyewe hapendi kuyasimulia. Mwaka 2019 mteja mmoja Mzulu alimletea ngozi ya chui aitie bitana, ili mteja huyo aivae kwenye sherehe. Jocelyne akaitandaza mezani. Jioni umeme ukakatika, kama kawaida ya siku zile. Mara, upande wa meza, kitu kikahema gizani.

Babake alikuwa mwindaji kule Walikale. "Ukikutana na chui usikimbie," alimfundisha. "Usimpe mgongo. Jifanye mkubwa, sema naye, rudi kinyumenyume." Jocelyne akainua vitenge juu ya kichwa, akawa anasema na giza huku akirudi taratibu. Kucha zikagonga sakafu, taratibu vilevile, zikimfuata mpaka mlangoni.

Jirani yake Burhani, muuza simu kutoka Tanga, alimcheka sana. "Eish, dada! Unaikimbia ngozi?" Akaingia na tochi ya simu, Jocelyne akichungulia mlangoni. Hakukuwa na kitu. Ngozi ilikuwa palepale mezani. Burhani akaweka kiganja juu yake.

Kicheko kikakatika.

"Ina joto," akanong'ona. Kisha, bila kufundishwa na mtu, akaanza kurudi kinyumenyume.