Konekta Isiyoingia Waya

Kila siku baada ya vipindi, Amna wa darasa la saba alifagia chumba cha redio cha shule yao mjini Nachingwea, kisha akafuta vumbi jekundu lililotapakaa mezani. Klabu yao ilikuwa na kibali cha kurusha mawasiliano, na Jumamosi saa nne asubuhi wangezungumza kwa mara ya kwanza na wanafunzi wenzao wa Ruangwa.

Mlezi wa klabu alikuwa Bibi Rozalia, mstaafu aliyewahi kuwa mwendesha redio wa hospitali ya misheni. Alhamisi aligundua kwamba konekta, yaani kile kichwa cha chuma kinachounganisha waya wa antena na redio, ilikuwa imeliwa na kutu. Akakata kipande kifupi cha waya na kumpa Amna.

"Nenda nacho dukani kwa Halfani," alisema. "Usichague konekta kwa macho. Ingiza kwanza waya kwenye tundu lake."

Kipande hicho Amna alikisahau darasani. Alikumbuka alipokwishafika dukani, lakini jua lilikuwa kali na hakutaka kurudi. Halfani akamwekea konekta mbili mezani. Kwa mbele zilifanana kabisa, ila moja ilikuwa na tundu pana nyuma, na nyingine tundu jembamba.

"Waya wenu mnene au mwembamba?" Halfani aliuliza.

"Mwembamba," Amna alijibu, ingawa hakuwa na hakika.

Ijumaa, akiwa peke yake chumbani, alijaribu kuifunga. Waya haukuingia. Akausukuma, akauzungusha, akaulainisha kwa mate. Wapi! Vidole vilimuuma na hasira zikampanda. Mwishowe akachukua wembe, akamenya ganda la waya na kukata sehemu ya nyuzi za shaba zilizoufunika kama wavu. Waya ukaingia kwa shida. Akazungushia utepe wa gundi ili pasionekane.

Jumamosi saa nne ilipofika, redio ilitoa mlio wa kukwaruza tu. Bibi Rozalia hakubonyeza kitufe cha kuzungumzia.

"Tukirusha hivi tunaweza kuunguza redio," alisema. "Amna, uliipima konekta?"

"Ndiyo, bibi. Iko sawa."

"Basi tatizo liko kwenye antena."

Yunusi na wanaklabu wenzake wakaishusha nguzo ya antena. Walikagua waya wote, wakaisimamisha tena. Mkwaruzo. Wakaishusha mara ya pili. Kamba ikamchubua Yunusi kiganja, damu ikamtoka.

"Tunahangaika tangu asubuhi!" alifoka. "Wenzetu wa Ruangwa watadhani sisi ni wababaishaji!"

Sikuzani, mdogo kuliko wote, alikaa chini akalia kwa uchovu. Bibi Rozalia, ambaye magoti yalimsumbua, aliinama kwa mara nyingine kukagua mguu wa nguzo. Amna alipomwona anajishika kiuno, alishindwa kuvumilia.

"Bibi, inuka," alisema. "Si antena. Ni konekta. Sikuipima. Waya haukuingia, nikaukata kwa wembe."

Yunusi alimtazama kwa ghadhabu. "Na ukatuacha tubebe nguzo mara mbili?"

"Nisameheni," Amna alisema, machozi yakimlengalenga.

Bibi Rozalia aliifungua konekta. Uzi mmoja wa shaba ulikuwa umejikunja ndani na kugusa waya wa katikati. "Nyaya hizi mbili hazitakiwi kugusana," aliwaonyesha wote. Akapiga simu kwa mwalimu wa Ruangwa kuomba wasubiri hadi saa nane, kisha akakata ncha iliyoharibika na kipande kingine cha kupimia. "Amna, chukua kipande hiki na konekta, kimbia."

Safari hii Amna aliingiza waya kwenye tundu pana mbele ya Halfani. Ukaingia barabara, bila kulegea. Halfani akambadilishia. Shuleni alikuta nguzo imesimamishwa tena, na Bibi Rozalia alimwachia aifunge konekta mwenyewe, akimwongoza kuiunganisha na waya kwa risasi iliyoyeyushwa.

Saa nane kasoro dakika tano, mkwaruzo ulipungua. Sauti ya msichana ikasikika: "Nachingwea, Nachingwea, hapa Ruangwa. Mnatusikia?"

Watoto walipiga kelele za furaha. Yunusi, kiganja kimefungwa kitambaa, alizungumza wa kwanza.

Mazungumzo yalipokwisha, Bibi Rozalia aliwakalisha wote.

"Nilipokuwa hospitali, siku moja redio iliharibika tukiwa na mama mjamzito aliyehitaji gari. Nilimwambia daktari palepale kwamba redio ni mbovu. Akatuma mtu kwa pikipiki kuliita gari, na mama yule akapona. Konekta isiyofaa hubadilishwa, wanangu. Kukosea kuchagua si aibu kubwa. Lakini ukisema kibovu ni kizima, unawatuma wenzako kutafuta ubovu mahali ambapo haupo, na muda unaopotea huko hakuna duka linalouuza."