Brokoli Si Ndengu

Mfuniko wa debe ulikuwa unatoa jasho.

Mutindi aliliona jambo hilo alipoingia ghalani kuchukua mahindi. Aliuinua mfuniko kidogo tu. Upande wa ndani ulikuwa umejaa matone, kama uso wa mtu aliyetoka kulima. Harufu nzito ikampanda puani. Akaurudisha mfuniko polepole, akachukua mahindi yake, akatoka. Hakumwambia mtu.

Hakuwa mtu wa kusema. Shule aliiachia darasa la tatu, baba yake alipofariki, akarudishwa nyumbani kuchunga mbuzi. Aliolewa huku Mbooni, mlimani, karibu na soko la Kikima. Mumewe, Kilonzo, alikuwa msaidizi wa jikoni katika nyumba ya wageni kule Mtito Andei, na alikuja nyumbani pale tu alipopata lori. Basi nyumba ilikuwa ya watu watatu: Mutindi, mtoto wake Nzuki ambaye alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa, na mama mkwe wake, Ndululu.

Ndululu alijulikana mlima mzima kwa jambo moja. Alijua kuhifadhi. Katika njaa ya miaka ya vita, wengine walipokuwa wakikwangua magunia matupu, yeye alikuwa na ndengu, zile choroko za kijani. Dawa yake ilikuwa majivu na debe. Ndengu zikikauka sawasawa, alizichanganya na majivu, akazitia debeni na kuziba vizuri. Mdudu hakupata pa kuingilia. Kilonzo alikua kwa ndengu hizo. Nani angemfundisha Ndululu kuweka chakula?

Mwaka huo Kilonzo alileta mbegu zilizofungwa katika kitambaa. Alipewa na mpishi mkuu wa kazini. Zilikuwa za brokoli, mboga ya jamii ya kabeji, ila kinacholiwa ni kichwa chake cha kijani na bua lake laini. Mlimani kuna baridi, ikakubali. Mutindi aliipanda kando ya kijito, akainyweshea kwa kopo asubuhi na jioni. Watu wakaanza kuiita brokoli ya Mutindi. Katika boma lile, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuitwa chake.

Vichwa vilipokomaa, Ndululu alishika kazi. Alivikata jua likiwa kali, akavisafisha kijitoni, akavinyunyizia majivu, akavishindilia debeni vikiwa bado vimelowa. Juu ya mfuniko akaweka jiwe. Mutindi alisimama pembeni akitazama. Moyoni alijiuliza kitu kilicholowa kitakaukia wapi humo ndani.

Debe hilo ndilo lililotoa jasho. Lilipofunguliwa, vichwa vingine vilikuwa vimegeuka manjano, vingine vinateleza kama konokono, na majivu yamekuwa tope. Ndululu aliosha utelezi, akapika pamoja na mahindi na maharagwe. Walikula. Kisha, kama desturi, akapakua fungu la Kilonzo katika chungu kidogo, akalifunika, akaliweka kando ya mafiga lisipoe. Mwanamume anayeweza kufika wakati wowote hakuti jiko tupu. Ndivyo Ndululu alivyolelewa.

Lori halikuja. Asubuhi, fungu la baba likapashwa moto, likapewa mtoto.

Jua lilipofika utosini, Nzuki alikuwa anatapika na kuhara. Mutindi alimfunga mgongoni akateremka naye mbio hadi zahanati. Mhudumu alimpa dawa, akamwambia Mutindi amnyweshe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, bila kuchoka, na uji mwepesi. Akaongeza kwamba macho ya mtoto yakididimia, au akikataa kunywa, amrudishe hapo hapo. Mutindi alimnywesha kwa kijiko mpaka mkono ukafa ganzi. Mtoto akapona.

Ndululu hakuwa na shaka mkosaji ni nani.

"Mboga ya wageni hiyo ni sumu," alisema. "Ing'oe yote kabla ya Jumapili."

"Mwaitu, labda si mboga," Mutindi alianza. Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama.

"Labda nini? Wewe unajua nini?"

"Sijui, mwaitu."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila mara. Sijui. Lilikuwa kama kiti cha pembeni, ukikaa hapo hakuna anayekuona.

Lakini siku ya soko alitia vichwa vitatu katika kiondo, kikapu chake cha kusukwa, viwili vilivyosalia debeni na kimoja cha shambani, akapanda Kikima. Hakwenda kuuza. Alikwenda kwa Mwanamisi.

Mwanamisi alikuwa mwanamke wa pwani aliyekuja na mumewe Salim, muuza nguo. Alikuwa na hoteli ndogo ya chai, wali na mboga, na watu walitoka mbali kula kwake. Alichungulia ndani ya kiondo.

"Umeleta kuuza au kuzika?"

Mutindi aliinamisha kichwa, akaeleza yote, debe, majivu, chungu cha mafiga, mtoto. Alipofika kwenye majivu, Mwanamisi alicheka hadi akauweka chini mwiko. Alipofika kwa mtoto, aliacha kucheka, akavuta kigoda.

Akatoa kichwa cha kwanza. Kilikuwa na manjano juu. Alikikunja bua, halikukunjika.

"Hiki kimezeeka tu. Kimeanza kufungua maua. Utamu umepungua, lakini ni kigumu, hakitelezi, hakinuki vibaya. Kipike leo, usikiweke tena."

Cha pili alimpa Mutindi mwenyewe akibonyeze. Kidole kikazama.

"Hicho ni cha shimoni. Na huo utelezi hauoshwi, mwanangu. Unaosha wa juu, wa ndani unakutazama. Ukiona madoa meusi yanayolainika, au harufu chachu inayokukunja pua, usibembelezane nacho. Na ukiona ukungu, usikate upande mmoja ukala mwingine. Tupa chote."

"Mbona ina harufu hata ikiwa nzima?"

"Ina harufu ya kabeji, hiyo si kosa lake. Ninayoisema ni harufu ya uozo. Ukishainusa mara moja hutaisahau."

"Nimeshainusa," Mutindi alisema kwa sauti ndogo. "Ndani ya debe."

Mwanamisi akachukua kichwa cha tatu, kile kilichotoka shambani asubuhi hiyo. Kilikuwa kijani, kimebana kama ngumi.

"Mama yako si mjinga. Ndengu zake ni kavu, zimelala. Ukizifungia zinalala vizuri zaidi. Brokoli si ndengu. Brokoli iko hai hata ukishaikata. Inapumua, inatoa jasho. Ukiinyima hewa inaoza kwa jasho lake mwenyewe."

Akamweleza yeye anavyofanya. Hununua iliyokatwa alfajiri kabla ya jua kuichoma, kichwa kikiwa kimebana. Haioshi mpaka wakati wa kupika, kwa maana maji yakikaa kati ya vishada ndipo panapoozea. Huiweka katika kikapu cha kupitisha hewa, sehemu ya kivuli na upepo, na kandokando hutundika gunia lililoloweshwa ili lipoze hewa, lakini gunia lenyewe haliigusi mboga. Ndizi mbivu huziweka mbali, maana zinaiharakisha kuwa manjano. Hata hivyo haikai sana.

"Wenye sanduku la barafu wanaweza kuringa. Sisi tunakula mapema."

Mutindi akauliza lile lililomleta. "Na iliyopikwa? Tuliifunika vizuri, kando ya mafiga. Haikuwa na harufu yoyote."

"Hapo ndipo ugonjwa ulipoingilia. Vijidudu havionekani kwa macho, na kitu vinachokipenda ni uvuguvugu. Chakula na kiwe cha moto wa kuunguza, au kiwe baridi kama barafu. Hapo katikati hakilali."

"Tuliipasha moto asubuhi."

"Moto unaviua vyenyewe. Sumu vilizoacha ndani, nyingine haijali moto." Mwanamisi akanyoosha kidole. "Sikiliza hili. Mbichi ikiharibika itakwambia. Itageuka rangi, itanuka, itateleza. Iliyopikwa ikichacha au ikatoa povu nayo imekwambia. Lakini inaweza pia kuharibika ikanyamaza kimya, nzuri ya kuonekana, tamu mdomoni. Kwa hiyo usiingoje iseme. Kama imelala usiku bila barafu, mwaga. Pika ya kutosha waliopo, iliwe, chungu kioshwe."

Mutindi alifunga kiondo chake. Akasema ameamriwa aing'oe yote.

"Kung'oa ni kazi ya mikono," Mwanamisi alijibu, akirudi kwenye sufuria yake. "Mikono ni ya nani?"

Jumapili ilifika, ikapita. Brokoli ilikuwa imesimama kando ya kijito.

Ndululu aliuliza kwa nini. Mutindi hakung'oa hata mmoja. Alikata vichwa alfajiri, akavikung'uta wadudu, akavipanga katika kiondo bila kuviosha. Akakitundika kiondo upande wa ghala usio na jua, akatundika gunia bichi kando yake. Vilivyozidi alivikata vidogo, akavitia katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, akavianika juu ya ungo kama anavyoanika majani ya kunde. Vilipokauka vikawa vinavunjika mkononi, hapo ndipo alipovitia katika kopo na kulifunika. Ndululu alilitazama kopo hilo kwa muda mrefu. Kuhifadhi kitu kikavu alikuwa anakujua.

Siku moja Mutindi alimkuta mama mkwe wake ameingiza mkono ndani ya kiondo, anabonyeza kichwa kimoja kimoja. Vilikuwa vigumu. Ndululu akautoa mkono, akasema alikuwa anatafuta panya.

Kisha ikaja zamu ya mwethya katika shamba la Ndululu. Mwethya ni kundi la wanawake wa jirani. Miaka ile walikuwa wakichimba matuta ya kuzuia udongo usisombwe na mvua, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba hulisha. Usiku wa kuamkia siku hiyo Kilonzo alikuwa anatarajiwa, na Ndululu, ambaye sasa alikuwa ameacha kuiita mboga ile sumu, alikuwa amepika chungu kikubwa cha mahindi, maharagwe na brokoli. Akakiacha kando ya mafiga, kimefunikwa, kimfae mwanawe usiku na mwethya asubuhi. Mara hii pia lori halikuja.

Wanawake walifika na majembe yao wakiimba. Kalondu, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, alidai apewe kwanza hiyo mboga ya maua, ili akiila achanue. Walicheka. Ndululu aliburuta chungu hadi mlangoni, akafunua.

Kilinukia vizuri. Hakikuwa na povu. Kilikuwa kimenyamaza kimya.

Nzuki alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mutindi alijipenyeza mbele. Aliutoa mkono wa mtoto. Akakamata chungu kwa masikio yake mawili, akapita nacho katikati ya wanawake, akaenda hadi shimo la taka, akakipindua.

Hakuna aliyecheka sasa. Pale palikuwa na watu walioikumbuka njaa kwa majina ya waliowazika. Kumwaga chakula mbele yao kulikuwa kama kuwatemea mate. Mwanamke mmoja mzee wa mwethya aligeuza uso. Kalondu ndiye aliyesema polepole kwamba leo basi watakula udongo wa matuta.

"Mtakula," Mutindi alisema. "Nipeni muda mfupi."

Akakoka moto mkubwa. Akashusha kiondo, akaosha vichwa katika maji safi, akavikata pamoja na mabua, akavipika na vitunguu hadi vikalainika bila kufa rangi. Akasonga ugali. Walikula. Kisha Kalondu akaomba tena. Kisha wakafuta chungu kwa vidole.

Tuta lilichimbwa mpaka mwisho. Hakuna tumbo lililouma, si siku hiyo wala kesho yake, na Nzuki alicheza juu ya udongo mpya mpaka akafanana nao. Wanawake wawili, kabla ya kuondoka, walimwita Mutindi pembeni wakamwomba mbegu.

Jioni, Ndululu alikwenda kwenye mafiga. Mkono wake ulitafuta chungu kidogo cha Kilonzo. Kilikuwa kimeoshwa, kimegeuzwa chini.

"Na mwanangu akija?"

"Nitampikia, mwaitu. Mboga iko ndani ya kiondo, na kuni zipo."

Ndululu aliketi. Hakukasirika kwa sauti, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Nimelisha watu wa nyumba hii kabla hujazaliwa. Leo umemwaga chakula changu mbele ya mwethya wote. Wewe unajua nini?"

Kile kiti cha pembeni kilikuwa pale, kinamngoja. Mutindi alibaki amesimama. Alimtazama mama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Najua, mwaitu," alisema. "Na nikiona tena mfuniko unatoa jasho, nitasema."