Maji Yalipofika Masikioni

Mimi ni fundi cherehani, na ni mtu wa kushuku. Sifichi. Mteja akisema atarudi kesho kuchukua nguo yake, namtazama mara mbili. Mume wangu hunitania kwamba ninashuku hata kivuli changu.

Tuna mtoto mmoja wa kike, ana miaka saba. Tunamwita Chiriku, maana huanza kuongea mara tu anapofungua macho. Tunaishi katika nyumba ya kazini kwa mume wangu. Yeye hufungua na kufunga milango ya mfereji mkubwa unaopeleka maji mashambani. Mfereji huo unapita nyuma ya jiko letu, hatua ishirini tu. Mwaka juzi ulimchukua mtoto wa jirani. Tangu siku hiyo roho yangu haijatulia. Nikiwa nashona, kila baada ya muda namwita Chiriku, naye lazima aitike, "Nipo, mama." Asipoitika, nachomoka mbio.

Ndiyo maana tulimwandikisha ajifunze kuogelea kwenye bwawa la mjini, kila Jumamosi. Baba yake ndiye aliyekuwa akimpeleka. Vazi la kuogelea nilimshonea mwenyewe, la buluu iliyokoza.

Jumamosi ya sita nilikuwa nikilianika vazi hilo, nikaona jambo. Dawa inayotiwa kwenye maji ya bwawa huchujisha rangi ya kitambaa. Chini ya kiuno, buluu ilikuwa imechuja. Juu ya kiuno ilikuwa vilevile, kama vile nimelitoa cherehanini jana. Wiki sita, na mwanangu hajaingia majini kupita kiuno!

Nikamwuliza Chiriku anafundishwa nini huko. Akasema, "Vitu vingi," kisha kimya. Chiriku, kimya? Hapo nikajua kuna kitu. Ama mwalimu ni mvivu, ama anamtisha mtoto. Nikamgeukia baba mtu. Akajikuna kichwa, akakiri kwamba akishamkabidhi kwa mwalimu yeye huenda zake dukani kutafuta vipuri. Nikamwambia Jumamosi ijayo nami nitakwenda, tena mtoto asijue.

Nikaenda. Nikajibanza nyuma ya kamba ya mataulo kama mwizi wa kuku. Watoto wengine walikuwa wameshika vibao vya kuelea, wakipiga maji kwa miguu. Chiriku alisimama peke yake kwenye maji ya kiunoni. Mwalimu wake, mwanamke wa makamo mwenye filimbi shingoni, alikuwa kando yake. Chiriku aliinama, akapuliza mapovu majini, akacheka. Kisha mwalimu akaweka kiganja nyuma ya kichwa chake, na mtoto akaanza kulala chali taratibu. Maji yalipofika masikioni, akaruka juu kama aliyeungua. Ikawa hivyo mara tatu.

Uvumilivu ukaniisha. Nikatoka mafichoni, taulo la watu limeninasa begani.

"Mwalimu, huyu tumemleta aogelee au aoshe miguu?"

Nilitegemea ugomvi. Mwalimu hakukasirika. Alinieleza kwamba yeye hamsukumi mtoto yeyote, kwa sababu mtoto anayesukumwa humwogopa aliyemsukuma, kisha huyaogopa maji zaidi. Kila mtoto huenda kwa hatua zake. Chiriku alikwisha kuweza kupuliza mapovu, kuzamisha uso na kufumbua macho ndani ya maji. Kulala chali tu ndiko kulikomshinda: wiki zote alikataa, leo ndiyo mara ya kwanza ajaribu, na akiulizwa sababu, hasemi.

Sikuamini hata nusu. Nikamvuta mwanangu kando, nikamnong'oneza aniambie ni nani aliyemtisha. Akatazama vidole vyake vya miguu.

"Maji yakiingia masikioni, sitakusikia ukiniita," akasema. "Na wewe ulisema nisipoitika, utajua nimekufa."

Nilisema hivyo kweli. Nilisema siku moja alipochelewa kuitika, nikiwa nimejawa na hofu, nikasahau. Yeye hakusahau. Nilikuwa nimemshuku mwalimu, nimemshuku mume wangu, kumbe aliyemtisha mtoto ni mimi. Niliona aibu.

Mwalimu alikuwa amesikia. Akaniuliza ninapomwita Chiriku huwa niko wapi. Nikamwambia niko kwenye cherehani, nimeupa mfereji mgongo.

"Dada, mara nyingi anayezama hapigi kelele," akasema. "Hawezi. Huzama kimya, kwa muda mfupi sana. Ukimwita na asiitike, huenda umeshachelewa. Mtoto akiwa karibu na maji, mtazame. Tena uwe karibu, mkono wako umfikie."

Akaongeza kwamba hata mtoto anayejua kuogelea haachwi peke yake majini. Kisha akaniambia nivue viatu. Nikakunja gauni, nikaingia, huku nikiishuku hata ile sakafu ya bwawa. Tukapatana, mimi na Chiriku: sitamwita. Nitamtazama tu. Akitaka kusimama, asimame, hakuna atakayemcheka.

Siku hiyo alilowesha sikio moja. Jumamosi iliyofuata, yote mawili, kwa muda wa pumzi moja. Nyumbani, mume wangu alijenga uzio wa mbao kati ya jiko na mfereji, na lango lenye komeo la juu asilolifikia mtoto. Nami nikageuza cherehani ikatazama uani. Chiriku akitaka kuchezea nje, nasimamisha kazi. Wateja wamenung'unika, na wanung'unike.

Jumamosi ya kumi, mwalimu aliweka kiganja changu chini ya kichwa cha mwanangu. Chiriku akalala chali, masikio yote majini, macho juu. Mwalimu akanikonyeza. Nikashusha kiganja kidogo, kisha nikakiondoa kabisa. Hakuzama. Nilitetemeka mimi, yeye akaelea. Nilihesabu hadi ishirini, machozi yakinitoka mbele za watu.

Aliposimama, nywele zikichuruzika maji, alikuwa na habari ya kunipa, kama kawaida yake.

"Mama, nilidhani mle ndani hakisikiki kitu," akasema. "Kumbe nasikia ninavyopumua."