Mtetezi wa Mama

Kila Jumapili binti mmoja, mshona nguo, alikwenda makao ya wazee kumwona mama yake. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, na nyumbani hapakuwa na wa kumhudumia mchana kutwa. Zamani mtaani walimwita Bi Kicheko. Sasa alitazama ukuta tu.

Siku hiyo shuka lilikuwa limelowa. Binti alipomgeuza, aliona kidonda mgongoni, kikubwa kama kiganja.

"Mama, tangu lini?"

"Nyamaza, mwanangu. Mwenzangu wa kitanda cha pili alilalamika, wakamtoa."

Binti alimwendea meneja. Meneja hata hakuinua macho.

"Kama huridhiki, mchukue leo hii."

Ampeleke wapi? Alirudi nyumbani.

Jirani yake, muuguzi mstaafu, alimkuta analia mlangoni.

"Mdogo wangu, kulia hakumponyi mama. Sheria mpya imepita. Sasa yupo mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee. Anaingia makao yoyote bila kuomba ruhusa."

"Wakimfukuza mama je?"

"Sheria inakataza kumfukuza au kumwadhibu mtu kwa kulalamika. Na kumpigia simu mtetezi ni bure."

"Dada, mimi nimeshakata tamaa."

"Basi piga hivyo hivyo."

Akapiga. Kesho yake mtetezi alifika. Meneja akaja kusimama kando ya kitanda.

"Tupishe," mtetezi alimwambia. "Mkazi ana haki ya kusema nami faraghani." Kisha akainama. "Bibi, wewe mwenyewe unataka nini?"

Mama aligeuza uso kutoka ukutani. Swali hilo hakuwahi kuulizwa tangu aingie pale.

"Nigeuzwe. Kidonda kitibiwe. Na mwenzangu arudi."

Mtetezi akaita wakaguzi, wakaja. Wahudumu wakaongezwa, wazee wakawa wanageuzwa usiku na mchana. Mwenzake akarudishwa.

Lakini kidonda kilikuwa kimeshafika mfupani. Daktari alijitahidi, wapi! Maji yalikuwa yamezidi unga. Mama alifariki kwenye shuka kavu, binti amemshika mkono.

Baada ya mazishi, binti alikwenda kuchukua nguo za mama. Kitandani palikuwa na bibi mgeni, aliyeletwa jana yake.

"Bibi, mgongo hauumi?"

"Hauumi, mwanangu."

"Ukiuma, sema. Sema siku hiyo hiyo. Usiogope, yupo wa kukutetea."

Akamwachia namba ya mtetezi, akabeba kifurushi cha nguo. Hakufika getini. Alikaa kwenye ngazi, akalia.