Riwaya Aliyoiacha Mama Rinkal

Rafiki yangu Heriel, muuza viungo wa Kariakoo, alinisimulia jambo ambalo mpaka leo sijalielewa.

Yumo kwenye kundi la wasomaji wanaopokezana riwaya za mtumba, na kitabu hakikai kwa asiyekisoma. Kwa hiyo Mama Rinkal alipofariki katikati ya riwaya, binti yake, Rinkal, aliipeleka kwa Heriel, aliyefuata zamu.

"Kaka, huo uzi kati ya kurasa ndipo alipoishia. Naomba usiutoe."

Heriel akaiweka stoo. Mchana umeme ukakatika. Gizani akasikia kidole kikilambwa, kisha ukurasa ukifunuliwa. Akangoja. Kikalambwa tena.

Umeme uliporudi, uzi ulikuwa umesogea mbele, na pembe za kurasa zilikuwa na unyevu. Akampigia Rinkal.

"Mama alikuwa anasomaje?"

"Kwa kulamba kidole. Tulimkataza, wapi."

"Basi bado anasoma. Na anayefuata baada yangu ni mke wangu. Mimi simpi kitabu hiki."

Kundi likaamua Mama Rinkal aachwe amalize. Rinkal mwenyewe ndiye aliyeirudisha nyumbani, akaiweka kitandani kwa mama yake, akafunga mlango.

Jana Rinkal aliandika kwenye kundi. Anaomba mama yake apewe riwaya nyingine, iwe nene.