Jicho la Nyakio

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Dalmas, rafiki yangu mpiga picha wa Ngara, enzi za Hali ya Hatari ya mkoloni. Wapiga picha wenzake walikuwa na desturi ya kukosoana kila Jumapili baada ya kanisa, na mmoja wao, Waweru, hakumung'unya maneno: "Picha zako ziko sawa, bwana, lakini macho imekufa. Weka kiti dirishani."

Basi Nyakio wa Kinoo alipokuja kupigwa picha, Dalmas alimketisha dirishani penye mwanga, akajifunika kile kitambaa cheusi cha kamera. Humo gizani akasikia pumzi. Akadhani ni yake. Akaibana asije akatikisa kamera. Ile pumzi ikaendelea, taratibu, karibu na uso wake.

Akabonyeza upesi, akatoka.

Jumapili Waweru aliiinamia picha na kioo cha kukuzia. "Sasa hii iko na uhai! Mpaka wewe mwenyewe unaonekana ndani ya jicho. Lakini huyo msaidizi wako, mwambie avae viatu."

Dalmas hakuwa na msaidizi. Akakinyakua kioo. Ndani ya jicho la Nyakio, chini ya pindo la kitambaa cheusi, vilionekana viatu vya Dalmas mwenyewe. Na mbele yake miguu mitupu, vidole vikimwelekea yeye.