Gurudumu la Kushoto

Mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi hauna adabu mchana. Mikokoteni inapishana na malori, mabati yanalia, wachukuzi wanapiga kelele "mguu, mguu!", na anayezubaa anachomwa mbavu na ncha ya ubao. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana amekumbatia kioo kirefu kuliko yeye mwenyewe. Shati lake la mikono mirefu lilikuwa limelowa mgongoni, na kila dereva aliyemwita alikitazama kioo, akatikisa kichwa, akapita.

Binti mwenye pikapu nyeupe alisimama kwa sababu kijana alikuwa amemzibia njia. Huruma haikuwamo.

"Kaka, utahama au nikuhamishe?"

"Ukinihamisha utajiona vipande vipande," sauti ikajibu kutoka nyuma ya kioo. "Dada yangu, nipakie. Watu wananikimbia kama nimebeba jeneza."

"Kikivunjika je?"

"Nitalia mimi. Wewe utaniazima kitambaa tu."

Binti akacheka bila kupenda. Siku hiyo alivaa ovaroli ya buluu na kilemba cha maua mekundu, hereni ndogo masikioni, mikono ikinuka dizeli. Pikapu ilikuwa mali yake, aliachiwa na baba yake, na hakuwa na mazoea ya kucheka na wateja. Lakini kijana alikaa kiti cha kushoto njia nzima amegeuza shingo nyuma kama bundi, kila shimo anasema, "Taratibu mama, taratibu, mtoto amelala," mpaka binti akashindwa kujizuia.

Tangu siku hiyo fundi vioo hakutafuta gari jingine. Binti alimwita Kioo, naye akamwita Usukani. Asubuhi simu ilikuwa inalia kabla chai haijachemka.

"Usukani wangu, umeamka?"

"Nimeamka, unataka nini?"

"Sauti tu. Nishaipata. Kwaheri."

Kazi za Kioo zilikuwa kwenye nyumba mpya, huko kwenye vilima ambako lami haijafika na mvua ikinyesha njia inakuwa uji. Pikapu ile ya zamani ilikuwa na masharti yake. Kuvuta gia ndogo ili magurudumu yote manne yashike hakukutosha. Ilibidi mtu ashuke azungushe habu, lile duara la katikati ya gurudumu la mbele, kulia na kushoto. Ukiingia kwenye tope unafunga. Ukirudi kwenye lami unafungua. Binti alipokuwa akifanya kazi za mjini hakuwa na haja nayo. Mara ya kwanza walipofika topeni Kioo alimwambia, "Wewe kaa na upande wako, huu wa kushoto ni wangu," na ikawa hivyo. Yeye anashuka huku, mwenzake anashuka kule, wanarudi ndani wote wawili, safari inaendelea. Alichokuwa akifanya Kioo upande ule, binti hakuwahi kuzunguka kwenda kuangalia. Hata kumwona hakuweza, maana kioo cha pembeni cha kushoto kilivunjika zamani.

"Aibu," alikuwa akimtania. "Unavisha maghorofa vioo, gari la mpenzi wako lina jicho moja."

"Mganga hajigangi, mama. Nitakukatia chako, kizuri, mpaka ujione ulivyo mrembo usahau barabara."

"Lini?"

"Mapenzi hayana haraka."

Nawaambia ninyi mabinti mnaosoma, mtu akikufanyia jambo kila siku, shuka siku moja umwangalie anavyolifanya. Hamjui litakuja kuwasaidia wapi.

Siku yenyewe walikuwa wanarudi kutoka kilimani, wamechoka, tope mpaka kwenye nyusi. Kioo akasema, "Nataka nije kwa mama yako."

"Uje kufanya nini?"

"Kuposa. Hata kuku angeelewa."

Moyo wa binti uliruka kwa hofu, na hofu yake siku zote ilitokea mdomoni kama dhihaka. "Utaniposaje wewe? Wewe si abiria wangu tu."

Kioo akageukia dirisha. Maji ya tope yaligonga chini ya gari mpaka wakafika penye lami.

Binti alishuka, akazungusha habu ya kwake kwa mkono, akapanda. Kioo naye akashuka. Mlango wa kushoto ukabamizwa, paa! Kisha nyuma ukasikika mshindo mwingine, bati kwa bati, kama mtu aliyepiga bodi ya gari kwa ngumi. Binti akakaza meno. Kwa hiyo ananipigia gari. Kwa hiyo ameshuka ndiyo ameshuka. Akakanyaga mafuta, akaondoka.

Mlango ule haukuwahi kufunga bila kubamizwa. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mwenye hasira husikia kile anachokitaka.

Alipofika nyumbani alikuta kifuniko cha sanduku la vifaa nyuma ya pikapu kiko wazi, na plaizi haimo. Akaifungia namba ya Kioo kwenye simu saa ile ile, isimfikie tena.

"Ameniacha barabarani," alimwambia mama yake, "na plaizi yangu ameondoka nayo. Mwanaume anaiba plaizi!"

Mama yake, ambaye tangu mumewe aingie kaburini alikuwa mtu wa kulala jicho moja wazi, alimtazama. "Ulimwona akienda?"

"Nilimsikia."

"Nimekuuliza ulimwona?"

"Mama, nimechoka."

Hasira iliisha mapema, na ndiyo iliyokuwa nafuu yake. Baada yake ilikuja ganzi. Alikunywa chai mpaka tone la mwisho ndipo akagundua hakuitia sukari. Kilemba cha maua mekundu kilining'inia msumarini mpaka kikashika vumbi. Simu ikilia asubuhi ilikuwa ya mteja wa saruji. Wachukuzi wakamwuliza, "Dada, mtu wako wa vioo kahama?" akajibu, "Sijui," kama anayeulizwa bei ya kitu asichouza. Watu walidhani amepoa. Mama yake peke yake aliona kwamba mtoto hajapoa, ameganda, na alikuwa akipita mlangoni pake kusikiliza kama anapumua.

Miezi ikapita, na pikapu nayo ikaanza visa. Ikikolea mwendo ilivuma chini kama nyuki kwenye debe. Usukani ulivuta kushoto kidogo kidogo, na gari likawa linakunywa dizeli kama halina mwenyewe. Akaipeleka kwa Fundi Domo, aliyeitwa hivyo kwa sababu kunyamaza hakukuwa kazi yake.

"Gari lako mbele limeshika," Domo akasema. "Umetoa magurudumu manne kweli?"

"Nimetoa."

"Mara ya mwisho lini?"

"Zamani. Siendi tena topeni."

Domo akaangalia gia ndogo, ikaingia na kutoka vizuri. Akabadilisha oili yake, mvumo ukawa ule ule. Akalaumu beringi, kisha akailaumu serikali. Mwishowe akainyanyua pikapu mbele kwa jeki mbili, magurudumu yakaning'inia. Akasukuma la kulia kwa mkono, likazunguka lenyewe, jepesi. Akasukuma la kushoto, na chini ya gari shafti nzima, ule mhimili wa chuma wa magurudumu ya mbele, ikazunguka pamoja nalo.

"Huyu hapa mchawi! Kulia kumeachia, kushoto bado kumefungwa. Dada, wewe umefungua upande mmoja ukaondoka zako."

"Upande ule haukuwa wangu."

Domo akashika habu ya kushoto, akakunja uso, haikwenda. "Hii haifunguki kwa mkono hata ukila ng'ombe mzima. Njoo uone." Pembeni mwa lile duara palikuwa na alama za meno ya chuma, nyingi, moja juu ya nyingine, za zamani zikiwa zimeshika kutu na za juu bado ziking'aa. "Aliyekuwa anaifungua alikuwa anaiuma na plaizi kila mara. Plaizi yako iko wapi?"

Binti alichuchumaa pale kwenye sakafu yenye mafuta, akaweka kidole kwenye zile alama. Mshindo ule wa nyuma. Bati kwa bati. Kifuniko cha sanduku. Hakuwa amepigiwa gari ngumi. Mtu alikuwa amekwenda nyuma kuchukua plaizi, amalize kazi ya upande wake, arudi akae.

"Ngoja nitumie yangu niifungue," Domo akasema, akitafuta mfukoni.

"Usiiguse."

"Heh! Nayo imekuwa bikira?"

"Nimesema usiiguse, Domo. Ishushe."

Akiwa ndani ya gari alitoa simu, akaifungua ile namba, akapiga.

"Haloo," Kioo akasema.

"Ni mimi."

"Najua."

"Siku ile ulikwenda wapi?"

Msumeno ulikuwa ukilia mahali. "Nyuma. Kuchukua plaizi. Nikainua kichwa nikaona matairi."

"Mbona hukunipigia?"

"Usukani, nilikupigia mpaka yule mama wa "namba haipatikani" akanizoea."

"Nije?"

"Njoo. Plaizi yako ipo."

Aliendesha na mvumo wake mpaka kwenye karakana ya Kioo. Vioo vilikuwa vimeegemezwa ukutani, vikubwa na vidogo, na alipoingia alijiona mara nyingi, mwenye ovaroli, bila kilemba. Kioo alitoka huku akijifuta mikono. Alikuwa amekonda usoni. Walisimama kama wateja wawili wanaongoja kuhudumiwa.

"Nilisema umeniacha," binti akasema. "Nilimwambia kila mtu. Nilikuita mwizi wa plaizi."

"Nilisikia. Hilo la plaizi liliniuma kuliko yote." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikafa. "Nimeposa, Usukani."

"Nani?"

"Dada mmoja anashona mapazia. Tulikutana kazini. Mimi natia kioo, yeye anatia pazia."

"Mnafaana," binti akasema, na sauti yake ilikuwa sawa kabisa. Alingoja habari ile iume, haikuuma. Ganzi ni kitu cha ajabu, mabinti. Unakatwa ukiwa unatazama, unasema asante.

"Siku ile nilichokuambia..." binti akaanza.

"Uliogopa. Nilikuja kuelewa baadaye. Lakini baadaye ni baadaye."

Kioo akaleta plaizi. Akachuchumaa penye gurudumu la kushoto, kisha akabadili mawazo, akampa yeye. "Shika mwenyewe. Sasa itabidi ujue pande zote mbili. Iume hapa, zungusha kuelekea nyuma. Kaza. Bado. Kaza, mama."

Habu ikalia, ikaachia.

Kisha akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha gazeti lililogeuka rangi ya njano. "Nilikikata wiki ile ile uliyoondoka. Kimekaa tu." Akakipachika kwenye fremu tupu ya pembeni, ya kushoto, akatia gundi, akakishikilia kwa vidole mpaka kikakamata. Gundi ile huchukua muda wake.

"Kimeshika," akasema.

"Ahsante, Kioo."

"Nenda taratibu."

Binti akapanda, akawasha. Pikapu ilikuwa nyepesi, haikuvuma, usukani haukuvuta popote. Kabla ya kukanyaga mafuta alifanya kile ambacho angetakiwa kukifanya siku ile. Aligeuza macho kushoto.

Ndani ya kioo kipya alisimama mtu nyuma ya gari, mikono imechafuka, hajaondoka. Alizidi kuwa mdogo kadiri gari lilivyosogea, na mpaka linapinda kona alikuwa bado amesimama pale pale. Safari hii alimwona.